Kichwa Kwenye Chupa

Benki siku hiyo ilifurika watu hadi mlangoni, na feni ya juu ilikuwa inazunguka tu bila kuleta upepo. Katikati ya foleni alisimama kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, kofia ya kijivu ameishusha hadi karibu na nyusi. Alikuwa ananukia mkate. Mkate wa moto kabisa, maana kazi yake ilikuwa kuoka, na alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye tanuri.

"Wewe wa kofia! Vua," mlinzi alisema.

"Nina mafua, mzee."

"Mafua yako puani, sio kichwani. Vua, kamera ikuone."

Watu wakacheka. Kijana akageuka atoke zake. Hapo ndipo msichana aliyekuwa nyuma yake, gauni la njano, nywele zimesukwa mistari midogo hadi mgongoni, akapaza sauti.

"Mlinzi, mbona na wewe umevaa kofia?"

"Yangu ya kazi, dada."

"Na yake ya kazi. Humnusi? Huyu mwokaji. Au unataka nywele kwenye mkate wako?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mlinzi akajikuna shingo, akaangalia pembeni, yakaisha.

"Asante," kijana alinong'ona. "Lakini na wewe una chanuo limesimama kichwani kama antena."

Msichana akajipapasa. Kweli, chanuo lilikuwa limechomekwa kwenye nywele tangu asubuhi. Alikuwa msusi kwenye saluni ya shangazi yake, mtaa wa pili, na alikuwa ametumwa benki haraka haraka.

"Basi wewe Kofia, mimi Chanuo," alisema. "Tumejuana."

Majina hayo yakawashika, wakapeana namba. Jioni hiyohiyo simu ililia.

"Chanuo, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, umevua?"

"Nimevua nini?"

"Kofia, mpenzi! Usije ukalala nayo."

Wakacheka hadi shangazi akagonga ukuta. Shangazi ndiye aliyemlea yule binti tangu mama yake alipofariki. Alimfundisha kushika chanuo, akamlipia shule, akamgawia kiti cha kwanza pale saluni. Alikuwa mwanamke wa wanja mzito na bangili nyingi. Ulimsikia kabla hujamwona. Miezi hiyo biashara ilikuwa imelala. Saluni mpya yenye vioo vikubwa ilikuwa imefunguliwa ng'ambo ya barabara, na wateja walivuka mmoja mmoja bila hata kuaga.

Kofia na Chanuo wakapendana. Kijana alimletea maandazi yamefungwa kwenye taulo ili yasipoe. Lakini kofia haikutoka. Mvua inyeshe, jua liwake, ipo.

Jumapili moja, chumbani kwa kijana, mbele ya dirisha, binti akaweka mikono kiunoni.

"Mimi nashika vichwa vya watu kutwa nzima. Cha kwako tu ndio sijakiona. Una mke humo?"

Kijana akaivua. Utosini pameng'aa kama sahani, mbele nywele zimerudi nyuma pande zote mbili, na nyuma ya sikio lilionekana kovu refu la mlango wa tanuri.

"Cheka basi," alisema.

Hakucheka. Aliinama akambusu palepale utosini. "Hiki kichwa ni changu," alisema. "Siri yetu mimi na wewe."

"Nitakapokuja kwa shangazi yako kukuomba," kijana alisema, "sitaki kukaa mbele yake nimejificha chini ya kofia. Nataka nije kichwa wazi."

Basi wakaenda pamoja kwa daktari wa ngozi, mama mmoja mpole mwenye miwani. Alikigeuza kichwa huku na huku chini ya taa.

"Baba ana upara?"

"Baba, babu, na mjomba."

"Umerithi, mwanangu, hukulogwa. Kuna dawa ya kupaka, asubuhi na jioni. Wiki za mwanzo nywele zitadondoka zaidi; usishtuke, usiache. Kuna kidonge cha kila siku. Kinasaidia wengi, ila wanaume wachache hupungukiwa na hamu ya mambo ya chumbani, wengine moyo unakuwa mzito. Na mwenye mimba asikishike kikivunjika. Kuna upasuaji pia, tunachukua nywele za kisogoni tunazipanda mbele. Na kuna wembe."

"Wembe nao dawa?"

"Wapo niliowaandikia wembe wakatoka hapa wanapiga mluzi." Daktari akacheka, kisha akawa makini. "Chochote utakachochagua, subira. Usitazame kioo kila siku, utakata tamaa. Kila mwezi mtu akupige picha, mahali palepale, mwanga uleule. Na ujue, ukiacha dawa, zilizoota zinaondoka."

Alichagua ya kupaka. Mtu hawezi kujipiga picha utosini, kwa hiyo kazi hiyo ikawa ya Chanuo, kwa simu yake yenye kamera nzuri, palepale dirishani. Wiki za mwanzo nywele zilijaa kwenye mto.

"Naisha, Chanuo!"

"Daktari alisema. Tulia, usitikisike, picha itatoka mbaya."

Mwezi ukafuata mwezi. Vikaanza vinyweleo kama vya mtoto mchanga, kisha vikakomaa. Siku moja binti aliweka picha ya kwanza na ya mwisho pamoja, akapiga kelele ya furaha. Kijana alimbeba akamzungusha chumba kizima.

Furaha hiyo binti akaenda nayo saluni, na shangazi akaziona zile picha kwenye simu.

"Kichwa cha nani hiki?"

"Cha mtu tu."

"Usinifiche, nimekulea." Shangazi aliichukua simu akaitazama muda mrefu. Pembeni, kwenye rafu, yalikuwa yamepangwa mafuta aliyoyachemsha mwenyewe, chupa tele, hakuna anayenunua. "Mwanangu, picha hizi mbili zikikaa kwenye chupa, tumepona."

"Shangazi, hayo si mafuta. Ni dawa ya hospitali."

"Nani atauliza? Uso hauonekani. Kichwa tu! Vichwa vyote vinafanana." Kisha akashusha sauti. "Au unataka nifunge? Nikae nyumbani na kiti chako nikiuze?"

Binti alitazama vile viti vitupu. Alimfikiria Kofia, akajiambia uso kweli hauonekani. Akazituma picha. Hata wakati anabonyeza alijua, maana kidole kilisita. Lakini akabonyeza.

Mafuta yaliuzwa ajabu. Foleni ikarudi. Kofia hakujua lolote, alikuwa ameshanunua suti ya kwendea kwa shangazi.

Alfajiri moja, kwenye kiwanda cha mikate, dereva wa gari la mikate, mzee mwenye utani mwingi, aliingia na chupa mkononi.

"Kofia, mjukuu wangu, na wewe si unaficha ficha? Nunua haya. Mimi dawa yangu ya nywele ya hospitali nimeitupa. Ona huyu alivyoota!"

Kofia alipokea chupa kwa mkono uliojaa unga. Kichwa kimoja kina upara, kingine kina nywele. Dirisha lake. Pazia lake la buluu. Na nyuma ya sikio, kovu lake mwenyewe.

Mikate ya tanuri zima iliungua siku hiyo.

Alipiga simu palepale, amesimama kati ya magunia.

"Chanuo. Ni wewe uliyetoa?"

"Uso hauonekani, mpenzi."

"Sijakuuliza uso."

"Shangazi alikuwa anafunga, mimi..."

"Ulisema kichwa hiki ni chako. Sikujua ni chako cha kuuza."

"Kofia, nisikilize..."

"Kiko mifukoni mwa watu! Mzee wa watu ametupa dawa yake kwa sababu yangu. Nilimvulia kofia mtu mmoja tu duniani."

Akakata. Binti alipiga tena, na tena. Ikaita bila kupokelewa. Alimwendea shangazi akalia: aziondoe hizo picha. Shangazi alisema nitaangalia, na hakuangalia, na binti akaendelea kusuka kwenye kiti kilekile. Hilo ndilo lililomchoma kijana zaidi alipolisikia.

Ile chupa ya dawa ya daktari hakuigusa tena. Aliona hata kujipaka kunanuka uongo. Suti ikabaki kwenye mfuko wake wa nailoni, na nywele, kama alivyoonywa, zikaanza kuondoka.

Miezi ikapita. Kisha yule dereva akaacha utani. Alikuja kazini kichwa kimefungwa kitambaa, ngozi imetoka malengelenge ya yale mafuta. "Labda sikuyatumia vizuri," alisema kwa unyonge. "Mbona huyu wa kwenye chupa yalimkubali?"

Jumamosi hiyo, saluni imejaa, mashine zinavuma, mlango ukafunguliwa. Kofia aliingia na shati lake jeupe. Chanuo alikuwa anasuka.

"Karibu, kaka," shangazi alisema, bangili zikilia. "Umefuata mafuta?"

"Nimefuata hii." Akachukua chupa kwenye rafu, akainyanyua wanawake waione. Kisha, mbele yao wote, akavua kofia. Upara uling'aa chini ya taa za saluni. Akageuza sikio. "Angalieni kovu kwenye chupa, angalieni na hapa. Kichwa ni changu. Nywele zile ziliota kwa dawa ya hospitali, nimeiacha, zimekwenda. Mafuta haya sijawahi hata kuyanusa. Na kuna mzee yamemuunguza."

"Mwongo mkubwa!" shangazi alifoka. "Ametumwa na wale wa ng'ambo! Mwanangu, waambie. Unamjua huyu?"

Mashine zikazimwa moja moja. Mteja aliyesukwa nusu aligeuka atazame. Chanuo alimwangalia mwanamke aliyemlea, kisha akakiangalia kile kichwa ambacho aliwahi kukibusu.

"Namjua," alisema. "Ni kichwa chake. Picha nilipiga mimi, na nilizitoa mimi. Mafuta hayakuhusika."

"Toka kwenye kiti changu," shangazi alisema polepole.

Binti alivua aproni, akaiweka juu ya kiti. Akatoa simu, akamwendea kijana, na mbele ya macho yake akafuta zile picha moja baada ya nyingine, hadi ile ya kwanza ya dirishani. Machozi yalikuwa yanadondokea kioo, kidole kinateleza.

"Umechelewa, Chanuo," alisema. Lakini alisubiri hadi ya mwisho ikafutika.

Kisha akatoka. Jua lilikuwa kali, barabara imejaa watu, na alitembea katikati yao kichwa wazi. Binti alimkimbilia na kofia ya kijivu mkononi.

"Umeisahau!"

"Sijaisahau."

Binti akabaki ameishika, inanukia unga na hamira. "Naenda kwa huyo mzee, nimpeleke kwa daktari," kijana alisema.

"Nikusindikize?"

Alimtazama muda mrefu, macho yake yameiva mekundu, kama mtu anayetafuta sura aliyoijua kwenye sura iliyo mbele yake.

"Leo hapana," alisema, akavuka barabara.