Karai la Yazhini

Wiki ya sikukuu ya mavuno, kituo cha mabasi cha Madurai kilifurika watu. Thenmozhi, muuza sari wa duka la ng'ambo ya barabara, alikuwa akipenya kwenye msongamano aliposukumwa. Kiwiko chake kikagonga sinia la vadai, bajia za dengu za moto, zikatawanyika chini.

"Umeniua, dada!" akalia mwenye kibanda, kijana aliyefunga shuka ya mirabaraba hadi magotini.

"Nisukumwe mimi, ufe wewe?"

Kijana alimtazama: sari ya kijani, asumini kwenye nywele, macho makali. Hasira ikamwisha. "Mimi Ilango. Na wewe, mvunja biashara?"

"Thenmozhi."

"Yaani mwenye maneno ya asali! Waliokupa jina hilo hawajakusikia ukigombana."

Tangu hapo simu hazikupoa. Mchana Ilango alimwita Asali, akikasirika alimwita Pilipili, naye Thenmozhi aliwakunjia wateja sari huku akitabasamu peke yake.

Hadi alasiri moja alipompigia akasikia bangili zikilia karibu na simu, na sauti ya kike ikicheka: "Usitie maji, Ilango! Zitanyonya mafuta!"

"Nani huyo?"

"Yazhini, mtoto wa mjomba. Mama kamwita aje kutusaidia."

Mtoto wa mjomba! Huyo si dada; huyo ndiye mchumba anayetajwa kwanza nyumba nyingi za Madurai. Thenmozhi akakata simu. Ilango alipiga tena na tena, akatuma salamu za kubembeleza. Thenmozhi akazifuta. Kesho yake alisikia zile bangili siku nzima. Kila mteja mwenye bangili alimdhania Yazhini.

Mwishowe akavaa sari yake nyekundu ya hariri, akaenda kibandani.

Alimkuta Yazhini mbele ya karai, jasho likimmeta shingoni, na mama yake Ilango akimwangalia kama harusi imeshapita. Dengu zilizolowekwa zilikuwa zimechujwa hadi tone la mwisho. Yazhini aliweka konzi moja kando, nzima, akazisaga zilizobaki bila kuzilainisha, kisha akachanganya zote na vitunguu, pilipili mbichi, tangawizi, shamari na majani ya mvuje. Chumvi akaitia mwisho, vitunguu visije vikatoa maji. Alibonyeza donge kiganjani, akalipunguza unene pembeni, akalitelezesha kwenye mafuta. Hakuligusa mpaka lilipokakamaa. Ndipo akaligeuza, likatoka na rangi ya shaba.

Thenmozhi alimwonea wivu hata vile vidole.

"Dada, mbona unanitazama kama nimekuibia?" Yazhini akauliza.

"Hujaniibia?"

"Nani, huyu?" Alimnyooshea Ilango upawa. "Anayeunguza hata chai? Mimi nataka karai. Shangazi ndiye anayesema karai na mwanawe haviachani."

"Ndivyo," mama akasema bila kugeuka. "Jiko alilowasha marehemu mume wangu ni la mke wa Ilango. Asiyetaka mke huyu, hana jiko."

Wateja waliacha kutafuna. Ilango alilitazama karai alilolitazama tangu utotoni, kisha akavua taulo la begani na kuliweka mbele ya mama yake.

"Basi mpe Yazhini, Mama. Anapika kunishinda. Mimi nitatafuta kazi."

"Utakula nini, mpumbavu?"

"Nitanunua, kama wengine."

"Na foleni utapanga," Yazhini akasema, lakini macho yake yalikuwa yamelowa. Alikuwa ameiombea siku ya kupewa karai bila kuthubutu kuitamka.

Mama akaliokota taulo, akafuta nalo uso, muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji. "Nenda," akasema. "Jumapili mlete huyu mwenye hariri nyumbani. Nimwone akiwa amekaa, si akiwa amefura."

Nje ya kituo Thenmozhi bado alikuwa amenuna.

"Sasa nini, Asali? Sina jiko, sina kazi. Bado unanitaka?"

"Utakuja kununua kwa Yazhini kila siku?"

"Nikikosa mke wa kunipikia, ndiyo."

"Mimi kupika sijui."

"Nitapika mimi."

"Wewe unaunguza chai!"

"Basi tuoane tuunguze pamoja."

Thenmozhi aligeuza uso asimwone akicheka. "Nakubali," akasema. "Lakini vadai kwa Yazhini nitakwenda kununua mimi. Wewe utaningoja ng'ambo ya barabara."