Kerezo la Njagi

Asubuhi hiyo Qali alipopanguza meza ya mumewe dukani aliona vumbi chini ya kerezo, ile mashine ndogo ya kuchongea vyuma vya saa. Vumbi la shaba huwa la njano. Hili lilikuwa jeupe.

"Baba Sharifo, ulichonga nini?"

"Sijaigusa," alisema Warsame. Kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa kitambaa. Alisema amejikata.

Kerezo lilikuwa la Njagi, fundi saa jirani yao hapo Meru mjini, aliyechukuliwa na askari kwa kusingiziwa kula kiapo cha wapiganaji wa msituni. Warsame alidai Njagi alimwachia amtunzie, na Qali aliamini. Mukami, mke wa Njagi, ndiye aliyemletea Qali uji wa wimbi alipojifungua, akambebea mtoto ili yeye alale.

Adhuhuri gurudumu lilianza kuzunguka lenyewe. Kwanza polepole, kri, kri, kisha kasi, na harufu ya kucha inayoungua ikajaa dukani, ikapenya hadi chumbani alimolala mtoto wao Sharifo, na Qali akamkumbatia huku ile sauti ikimfuata ukutani, mgongoni, mpaka ndani ya meno yake mwenyewe.

Sheikh Rage aliitwa. Alifukiza ubani, akasoma, akamnong'oneza Warsame sikioni, "Wewe ni nani?"

Mdomo wa Warsame ulijibu kwa sauti isiyo yake. "Jini wa Njagi. Alinitunza, nami nikamsaidia kazi. Huyu alilitamani kerezo, akampelekea askari uongo. Njagi amefia kizuizini. Sasa nimfanyie nani kazi?"

Warsame alipozinduka, Qali alimuuliza kama ni kweli.

"Nilidhani watamwachilia upesi," alisema, akitazama sakafu.

"Rudisheni mashine," alisema Sheikh.

"Watu watajua."

"Na wajue," alisema Qali. Alilifunga kerezo kwa leso, akambeba mtoto mgongoni, akafika kwa Mukami kabla ya kafyu. Alimwambia yote, hata kifo cha Njagi.

Mukami aliweka mkono juu ya leso.

"Mtoto amekula?" aliuliza mwishowe.

Qali alirudi nyumbani akilia. Warsame alikuwa mbele ya meza tupu. Kri, kri. Kitambaa kilikuwa kimeanguka. Ukucha wa gumba ulikuwa umechongwa meno madogo yanayolingana, kama ya gurudumu la saa, na kwenye kidole kilichofuata vumbi jeupe lilikuwa limeanza kudondoka.