Jina Bandia la Kompyuta Mpya

Ti. Ti. Ti-ti.

Mlio ulimkuta Mashimba bado yuko kwenye ngazi. Akazipanda mbili mbili, akausukuma mlango wa ofisi kwa bega.

Redio ilikuwa ikiita peke yake.

Renatha alikuwa hai.

Renatha Ishengoma, mpelelezi mwenzake, alikuwa katikati ya Ziwa ndani ya boti ya walanguzi, akijifanya mpishi. Juu kulikuwa na sangara na barafu. Chini ya barafu, bunduki za kuvushwa mpaka. Mlio ulitoka kwenye kidude cha ukubwa wa kiberiti, alichokishona ndani ya upindo wa sketi yake. Kusikia mlio hakukutosha. Programu iitwayo Dira ndiyo iliyojua kuugeuza kuwa nukta kwenye ramani.

Redio ya mkononi, Motorola, ikakoroma. "Kamongo, hapa Furu. Injini inawaka. Nipe mahali."

Furu lilikuwa jina la redioni la Jovinary, kamanda wa boti ya doria; Kamongo lilikuwa la Mashimba.

"Subiri," Mashimba akajibu.

Akakivuta kitambaa cha kufuma kilichoifunika kompyuta mpya, Compaq, akaiwasha. Windows 95 ikafunguka, inang'aa. Akachomeka waya wa redio na disketi ya Dira. Programu ikaingia vizuri, faili baada ya faili. Akaiwasha.

Kioo kikawa cheusi. Mstari mmoja wa Kiingereza ukasema kwamba toleo la mfumo si sahihi.

Akajaribu tena.

Mstari uleule.

Siku kompyuta mpya ilipoletwa, Renatha aliomba ile ya zamani ibaki mezani mpaka Dira ijaribiwe. Mashimba alimcheka mbele ya ofisi nzima, akamuuliza kama akinunua gari ataendelea kumfunga punda mbele. Mgeni rasmi alikuwa anakuja kuizindua mpya, na yeye hakutaka takataka mezani. Ya zamani ikapelekwa stoo ya Buhongwa, mvua ikaimaliza. Hotuba ikasomwa. Makofi yakapigwa.

Lakini hilo halikuwa baya kuliko yote. Kabla ya kupanda boti, Renatha alimuuliza kama Dira inafanya kazi kwenye mashine mpya. Alimjibu kwamba inafanya.

Hakuwa ameijaribu hata mara moja.

"Kamongo, kuna nini huko?"

Bastola ilikuwa kiunoni. Haikumsaidia kitu.

"Dira imenikatalia, Furu. Sikuijaribu."

Jovinary aliuliza taratibu, "Renatha anajua?"

"Hajui. Nilimwambia inafanya kazi."

"Basi ifanye kazi, bwana. Aibu utaionea baadaye."

Ti. Ti.

Mlio ulikuwa unafifia. Mashimba akaisoma tena ile sentensi. Dira haikulalamikia kasi, wala ramani. Ilisimama mlangoni ikauliza toleo, kama askari wa mpakani anavyouliza jina. Kwenye droo ya Mashimba mwenyewe mlikuwa na pasipoti tatu, kila moja na jina tofauti, na hakuna askari aliyewahi kumrudisha.

Mashine mpya ilikuwa inajitaja kwa jina lake la kweli.

Ipe jina bandia.

Amri ya kufanya hivyo aliijua. Ilifundishwa kwenye kozi ya Dar, naye akaidharau kama kazi ya makarani. Akaandika SETVER, akaandika jina la Dira, akaandika toleo la zamani. Akaizima mashine, akaiwasha, akaingia upande wa DOS, mfumo wa zamani ulio chini ya Windows, akaiita Dira.

Dira ikauliza toleo.

Mashine ikadanganya.

Ramani ikafunguka. Nukta ya kijani ilikuwa ikipepesa.

"Furu. Kaskazini ya Ukara. Anaelekea mpakani. Kimbia."

Injini ya Jovinary ikanguruma redioni. Alikuwa ameshaondoka.

Mlio ukakatika.

Mashimba alikaa mbele ya nukta iliyosimama, mikono magotini, mpaka Motorola ilipokoroma tena. Boti imekamatwa. Bunduki zimepatikana. Walanguzi wako chini ya ulinzi. Renatha yuko salama, ila walikuwa wameshaanza kumpekua.

Mashimba alipofika bandarini, simu ya mkuu wao kutoka Dar ilikuwa imetangulia na pongezi kwa kompyuta mpya. Mashimba akamjibu kwamba pongezi ni za Renatha, na kwamba taarifa yake itaeleza kosa ni la nani.

Renatha alishuka kwenye boti ya doria, mdomo umevimba, upindo wa sketi umechanika.

"Niliihesabu kila dakika," alisema. "Nikawaza, kaka yangu Mashimba alisema inafanya kazi."

"Nilikudanganya."

"Jovinary ameniambia." Akamtazama. "Na mgeni rasmi akija tena?"

"Atakuta meza imejaa takataka, mpaka kila kipya kijaribiwe."

Mashimba akaweka bastola yake sawa kiunoni, akageuka aondoke. Hatua chache tu, akasimama.

"Renatha. Hutapanda tena boti kwa neno langu tupu. Nitaiwasha Dira mbele yako, uione kwa macho yako, ndipo uende. Nakuahidi."