Mlango Ambao Haukujaribiwa

Kila alipotoka shule, Kidole, msichana aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuweza kuona kitufe asikibonyeze, alimfuata shangazi yake kazini. Shangazi alikuwa fundi wa kompyuta hospitalini. Chumbani mwake ilikaa seva, kompyuta kubwa iliyobeba kazi zote za pale.

“Seva ina milango,” shangazi alimweleza. “Huu wa majibu ya maabara, huu wa simu za wodini. Kila mmoja una namba yake. Leo nimeweka mlinzi, programu ya kuibishia hodi. Mlango usipoitika, kengele inalia hapa mezani. Sasa naitwa maabara. Ufunge kidogo mlango wa simu kwa kitufe hiki, usikilize kengele, kisha uufungue.”

Nje wenzake walikuwa wakiruka kamba. Kidole, macho dirishani, hakugusa kitu.

“Imelia?” shangazi aliuliza aliporudi.

“Imelia, shangazi.”

“Haya, kacheze, kidole changu cha dhahabu.”

Wodini alikuwa amelazwa babu yake. Baba yake Kidole, aliyefanya kazi mbali, alimpigia mzee simu kila jioni. Wiki hiyohiyo mlango wa simu ukakwama. Kengele ilikaa kimya, shangazi akaenda zake nyumbani bila habari. Babu alisubiri, macho kwenye simu ya wodi.

“Leo mwanangu kanisahau,” alisema.

Muuguzi alikuwa amemaliza zamu, mkoba begani. Akauweka chini, akavuta kiti, akamshika mkono. “Atapiga, babu.”

Alfajiri babu akafariki.

Baba alipofika msibani alisema tu, “Nilipiga na kupiga. Nikadhani amelala.”

Kidole alimfuata shangazi jikoni. “Kengele haikulia siku ile ulipoenda maabara,” alisema. “Sikujaribu.”

Maji ya chai yakachemka na kumwagika; shangazi akaepua sufuria.

“Nimekagua. Namba ya mlango niliikosea mimi,” alisema. “Nilimweka mlinzi kwenye mlango mwingine. Jaribio lingenionyesha.” Akamvuta kifuani. “Twende tukamwambie baba yako. Nitakuwa kando yako.”

Baada ya maziko walirudi kwenye seva. Shangazi akasahihisha namba. Kidole akaufunga mlango wa simu. Kengele ikalia, naye akalia nayo.

“Ukisema ‘sijafanya’, mwanangu,” shangazi alisema, akimfuta machozi, “mwenzako atainuka afanye. Ukisema ‘nimefanya’, hata anayejua kuifanya atalala.”

Kidole akaufungua mlango, kisha akaomba waujaribu tena.