Kibuyu Kisichooshwa

Ta. Ta. Ta. Kabla hapajapambazuka, kiwashio kililia jikoni kwa Wawira, lakini moto haukushika. Alijaribu tena, kisha akakiweka chini polepole ili asimwamshe mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo, Lorna, alikuwa macho tayari. Alisikia kuni zikivunjwa. Mwaka juzi daktari alimwambia kuwa kifua chake hakitavumilia moshi tena. Ndipo mwanawe, Ireri, mumewe Wawira, akajenga mtambo wa gesi. Ni tangi lililo chini ya ardhi. Hupokea kinyesi cha ng'ombe na kutoa gesi ya kupikia. Sasa gesi ilikuwa imekatika kwa wiki mbili. Asubuhi hiyo Lorna alikohoa mpaka chai yake ikapoa. Wawira alimsugua mgongo.

Ireri alisema mtambo umekufa, afadhali jiko ling'olewe. Wawira alimwomba angoje kidogo. Alikwenda kumwita Kathure, jirani yao hapo Manyatta, anayefanya kazi kwenye mabwawa ya majitaka mjini.

Kathure hakugusa jiko. Alizunguka nyuma, pale maji ya mtambo yanapotokea, akakunja pua. Maji yalikuwa mengi, mepesi, na yalinuka vibaya. Kisha akaona mpira wa maji umelala kwenye banda la ng'ombe.

"Banda mnaliosha kwa huu?"

Wawira alieleza. Siku moja mama mkwe wake aliteleza hapo akaumia goti. Tangu maji ya mfereji yafike kwao, kila asubuhi Wawira alimwagia banda maji mpaka simiti ing'ae. Maji yote yaliingia kwenye mtambo.

"Ng'ombe wa hapa wanaoga kuliko mimi," Ireri alisema.

Kathure alicheka, kisha akaketi karibu na Lorna. Alieleza kuwa ndani ya tangi kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ndivyo vinavyokula uchafu na kutoa gesi. Huzaana polepole, na baridi ya huku juu huvichelewesha zaidi. Tangi lile lilijengwa lipokee ndoo kumi kwa siku, nusu kinyesi, nusu maji. Hivyo uchafu hukaa ndani siku arobaini. Lakini Wawira alikuwa akiingiza kama ndoo hamsini. Kwa siku nane tu, kila kitu kilisukumwa nje.

"Vinafukuzwa kabla havijazaana," alisema. "Vikiisha, gesi inaisha. Na uchafu unatoka ukiwa bado uchafu."

Lorna alifikiri. Yeye hupika ucuru, ule uji wa kuchacha. Kila mara hubakiza kidogo kibuyuni, ili uchachushe uji unaofuata.

"Ni kama mtu aoshe kibuyu changu kila siku," alisema.

"Ni hivyo hasa, Cucu," Kathure alisema, akimwita bibi kwa heshima.

Wawira aliinamisha kichwa. "Basi ni mimi niliyekurudisha kwenye moshi, Mama."

"Uliosha ili nisianguke," Lorna alimjibu. "Hilo nalijua."

Siku hiyo mpira ulikunjwa. Wawira akaanza kukwangua kinyesi kwa koleo. Ireri alipanga mawe bapa kando ya banda, mama apite pakavu. Kisha akaenda na mkokoteni kwa Kathure, wakajaza ndoo ishirini za tope kutoka mtambo wake, liwe mbegu ya vijidudu. Kathure aliwaonya waanze kwa kulisha tangi ndoo chache, waongeze kidogo kidogo.

Kwa wiki tano Wawira alipika nyumbani kwa Kathure. Alirudi na sufuria iliyofungwa kwa leso, ili Lorna ale chakula cha moto bila moshi.

Wiki ya sita, alfajiri, kiwashio kililia mara moja tu. Moto wa buluu ukazunguka jiko. Nyuma ya nyumba, maji yaliyotoka hayakunuka tena kama mwanzo. Ireri aliyaelekeza kwenye nyasi za ng'ombe.

Kathure alipokuja kuona, Lorna alimmiminia kikombe cha ucuru. Kathure aliangalia ndani ya kibuyu.

"Na hicho kilichobaki, Cucu, ni cha nani?"

"Ni cha kuchachusha uji wa Jumapili," Lorna alisema. "Njoo Jumapili, mwanangu. Usingoje mpaka kitu kiharibike."