Marobota ya Kiparamu

Zama hizo, Mreno hajaonekana bado pwani, bandari ya Shungi ilikuwa inakufa. Merikebu ikitia nanga hapo, walinzi walifungua kila robota na kumpekua kila mchukuzi, hata kupakua kukachukua siku kumi na mbili. Kiparamu, mji jirani, kazi ile ile ilikwisha kwa siku tatu. Manahodha si wajinga. Wakahamia huko, na watu wa Shungi wakabaki kuchimba mizizi porini wapate kula.

Amiri wa Shungi, Chande bin Makuka, akatumwa kuutwaa mji ule pamoja na wepesi wake wa kazi. Alikwenda kwanza kama mfanyabiashara wa nguo. Akaona ajabu: bidhaa zimelazwa mchangani bila mlinzi, kila robota lina fundo la ukindu. Mwana Bule, mama mtu mzima aliyesimamia pwani, akamweleza kwamba mzigo wenye fundo haufungui mtu ila mwenyewe. Ndiyo maana hawakupoteza wakati.

Chande akarudi na marobota arobaini, kila moja na fundo lake. Wachukuzi wa Kiparamu wakayabeba wakiimba hadi ndani ya boma, ambamo mgeni haingii na silaha. Watu wake wakafuata mikono mitupu, wakakata kamba, wakatoa mikuki. Kufikia adhuhuri mji ulikuwa wake, na wachukuzi sitini walikuwa maiti. Ushindi gani huo!

Merikebu ya kwanza ilipofika, Chande mwenyewe aliamuru kila mzigo ufunguliwe, maana alijua robota laweza kuficha nini. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Zilipita siku kumi na nne, nahodha akaondoka akitukana. Chande akaingiwa na hofu, akaondoa walinzi, akafunga mafundo kwa mkono wake. Wachukuzi wakakataa kugusa.

"Tufungulie kwanza, mwinyi," Mwana Bule alimwambia. "Mwanangu alibeba kifo chake begani huku akiimba."

Tangu hapo Chande aliusikia wimbo ule kila mchana, na pwani tupu. Hakula tende ila kapu lifunguliwe mbali naye. Merikebu zikapita nje, na njaa ikaingia miji yote miwili.

Kumbukumbu za Shungi zasema aliutwaa mji kwa asubuhi moja, na ni kweli. Hazisemi alivyozikwa. Wachukuzi walioitwa kulibeba jeneza walisimama, wakatazamana, kisha wakaifungua sanda kwanza.