Hesabu Hadi Kumi

Jibu lilisikika Jumatatu, saa nne asubuhi, wafanyakazi wakimaliza chai na jua likiwa limeshachoma mabati ya kiwanda. Devotha alikuwa amegonga ubavu wa mashine ya kukaushia kwa spana, mara tatu, kama alivyofundishwa. Kutoka ndani, ambamo hamkuwa na mtu, mtu akagonga mara tatu.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya karakana ya kampuni ile ya mablanketi, sheria fupi kuliko amri zote za Musa. Kabla ya kuwasha mashine, gonga mara tatu, kisha hesabu hadi kumi. Fundi aliye ndani atajibu, na akijibu huwashi, hata aje waziri. Aliyemfundisha Devotha ni Mzee Severin, mpenda ugoro, mtani wa kila mtu, mwenye miaka ishirini na sita kazini. Alimpokea akiwa mwanagenzi wa mitambo, msichana pekee katika karakana nzima, akampa ovaroli yake ya akiba iliyompwaya mpaka watu wakacheka.

"Haraka haina baraka, mwanangu," alizoea kumwambia. "Humu ndani haraka ina jeneza."

Na sasa Mzee Severin alikuwa na miezi mitatu kaburini. Alifia ndani ya mashine hiyohiyo. Taarifa ya kampuni ilisema aliingia bila kumwambia mtu, kwa uzembe wake mwenyewe, na Devotha akatia sahihi kama shahidi. Ulikuwa uongo mtupu. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye swichi. Alidhani fundi wake ameshatoka, akagonga, akahesabu hadi nne tu, kwa sababu fomeni Bonifasi alikuwa akimfokea kwamba wageni wako getini.

Ilikuwa miaka ya kubinafsisha. Mablanketi ya mitumba yalijaa sokoni Morogoro, ya kiwanda yakabaki kuliwa na panya ghalani, na kila mara walikuja watu wenye tai kukagua kitu cha kununua. "Ukifungua mdomo," Bonifasi alimwambia Devotha siku ya mazishi, "wewe cheti huna, na mimi kazi sina." Devotha alinyamaza. Alimpenda yule mzee kama baba, na bado alinyamaza.

Mashine haikuwa imewashwa tangu mazishi, na wanunuzi wengine walitarajiwa Ijumaa. Mashine ikizunguka, kiwanda kitapona. Isipozunguka, watu mia tatu watarudi makwao.

Jumanne mlango wa mashine ulinuka ugoro. Jumatano Twalibu, fundi wa umeme, kijana asiyeogopa hata nyaya zenye moto, alishika spana akagonga mwenyewe. Alipojibiwa, spana ikamdondoka.

"Dada Devotha," alinong'ona, "nani yumo humu?"

"Hamna mtu."

"Basi tufungue."

Walifungua wakamulika kwa tochi, na mle ndani hamkuwa na kitu ila giza na harufu ya sufu mbichi, lakini walipokaribia kufunga Devotha aliona grisi mbichi kwenye ukuta wa chuma, vidole vitano vya mkono mkubwa vilivyojikokota kutoka chini hadi usawa wa kifua, na akajua, kwa namna kidole cha shahada kilivyoishia nusu, kwamba ule ni mkono uliomshika mkono siku ya kwanza na kumwonyesha jinsi ya kukamata spana.

Bonifasi alikuja akitukana. Alipeleka kidole kwenye swichi. Kutoka ndani kukagongwa mara tatu, taratibu, bila hasira. Fomeni akaurudisha mkono wake na kuufuta kwenye suruali.

Alhamisi ndiye huyohuyo Bonifasi aliyempitisha Mzee Mwinjuma kwa mlango wa nyuma, mganga kutoka Kinole, na chetezo chake cha ubani. Mzee alisoma dua zake, akazunguka mashine mara saba, kisha akaweka sikio kwenye chuma na kukaa hivyo muda mrefu.

"Angekuwa jini ningeshamtoa," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni mtu, naye yuko kazini. Nani alikuwa kwenye swichi?"

Bonifasi akatazama saa yake. Devotha akainama kuokota spana.

"Haya. Mficha maradhi kifo humuumbua." Akakusanya vitu vyake, akaondoka.

Alasiri hiyo Devotha alitembea kwa miguu hadi Bigwa. Eufrazia, mjane wa Severin, alikuwa uani akichambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Devotha alipiga magoti akasema yote. "Nilihesabu hadi nne, mama. Alijibu. Alijibu mashine ikiwa imeshaanza kuzunguka. Nilimsikia."

Mikono ya Eufrazia ilisimama juu ya ungo.

"Kwa hiyo aligonga."

"Aligonga, mama."

"Kristina wangu anachekwa shuleni kwamba baba yake alikuwa mzembe." Akalia, ungo ukamwagika, na hakuna aliyeokota mchele. Alipomaliza kulia alisema, "Kesho utayasema hayo mbele yao. Mimi nitakuja kumchukua mume wangu."

Ijumaa Devotha aliyasema, mbele ya wenye tai, mbele ya Bonifasi aliyekuwa akimkonyeza anyamaze. Kisha Eufrazia akachukua spana, akagonga. Akajibiwa. Wageni wakarudi nyuma.

"Baba Kristina," alisema, akiufungua mlango wa mashine wazi kabisa. "Binti amesema, na wote wamesikia. Kazi imekwisha. Twende nyumbani."

Akatoka bila kugeuka nyuma, kama desturi ya kumrudisha marehemu nyumbani itakavyo.

Devotha akagonga mara tatu. Akahesabu hadi kumi. Kimya. Wiki nzima aliuogopa mlio ule wa kugonga, na sasa ulipokosekana alilia kwa uchungu, maana ndicho kitu pekee cha mzee wake kilichokuwa kimebaki.

Mashine ilizunguka vizuri. Kiwanda kikanunuliwa, na baada ya miezi sita mashine ikakatwakatwa ikauzwa chuma chakavu. Watu mia tatu walirudi makwao vilevile. Devotha yeye alikuwa ameshafukuzwa Ijumaa ileile, bila cheti.

Krismasi ilipokaribia alikwenda Bigwa na kapu la machungwa. Mlango ulikuwa umerudishwa.

"Hodi!"

Mlango ukagongwa kutoka ndani, mara tatu. Ugoro ukanuka.

"Karibu, mwanangu," sauti ya Eufrazia ilitoka mbali, kule uani. "Ila usisukume bado. Yupo hapo mlangoni."

Devotha akaweka kapu chini na kuanza kuhesabu, polepole, hadi kumi.